Mwalimu wa Aya Zisizosalimiana

Mwalimu hakuwa na haja na aya moja peke yake. Alizipenda mbili mbili, hasa zile ambazo ukizisoma pamoja zinataka kutoana macho. Wanawake wengine wa Ganda, kijiji chetu cha kando ya Malindi, walikusanya vikombe vya kauri au leso za kila toleo. Yeye alikusanya mahali ambapo Maandiko yanasema hivi huku na vile kule, na alipopata jozi mpya alifurahi wiki nzima, kama mtu aliyeokota kitu barabarani na mwenyewe hakutokea.

Alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi. Miaka ile ya themanini nilipomjua, alifundisha darasa la kipaimara katika kanisa letu dogo la mabati, kila Jumamosi alasiri. Jina lake la nyumbani sikulijua, wala mwaka wa kuzaliwa, wala sikuuliza. Mtoto alimwita Mwalimu, mzee alimwita Mwalimu, na hata yule Mwislamu mwenye duka la mafuta ya taa, aliyebishana naye habari za Ibrahimu mpaka wateja wakaondoka, naye alimwita Mwalimu.

Mimi natoka Kitui. Nilikuja Malindi kupiga pasi mashuka ya hoteli waliyolalia Waitaliano, na Kiswahili nilichokuja nacho Mwalimu alikiita Kiswahili cha makaa: kinawaka, lakini kinachafua. Kila niliposema neno la bara alifumba macho kama amekanyagwa kidole. Akanifundisha kusema upya, kuanzia salamu. Kwa mwaka mzima nilipompigia shikamoo aliitikia marahaba, kisha akanirudishia sentensi yangu iliyofuata ikiwa imeoshwa.

Nilikuwa mke wa pili wa Charo, dereva wa gari la hoteli, mtu wa Ganda mwenye mke mwingine, shamba la mahindi na mikorosho. Sikudanganywa wala sikushurutishwa. Nilimpenda, nikaenda huku naona. Lakini kanisani mke wa pili hukaa benchi la nyuma na hafiki kwenye Meza ya Bwana, na mtu aliyekaa nyuma muda mrefu huota masikio. Mwalimu aliponialika darasani nilimwambia sitapewa kipaimara hata nikiikariri Biblia nzima.

"Nani kataja kipaimara?" akasema. "Mimi nakualika kwenye ugomvi."

Siku ya kwanza nilikaribia kuondoka. Alikuwa amesoma aya mbili zinazopingana, akafunga kitabu, akasema, "Hizi ni wake wenza. Hawasalimiani, lakini mume ni mmoja na chakula kinaiva. Wewe mgeni uliyepita kuomba maji ya kunywa, usijitie kuwapatanisha. Kaa, utazame."

Niliinuka. Nilidhani nimeitwa pale nisemwe mbele za watu.

"Kaa chini, mwanangu," alisema bila kunitazama. "Nasema ya aya. Yako tutayasema tukifika."

Watu walicheka, nami nikakaa nimevimba kwa hasira, na Jumamosi iliyofuata nikarudi.

Mtu angedhani mwanamke wa namna hiyo ni mpole na mwenye subira. Hakuwa. Alitufundisha kwamba subira ni tunda la Roho, lakini kwenye mashine ya kusaga alipita mstari mzima na debe lake la mahindi akisema kwamba wazee hawangoji, na kijana akinung'unika alimuuliza hesabu ya saba mara nane. Alisema mali ya dunia ni moshi, na bakuli lake la sukari alilifunika kwa kisahani, juu ya kisahani akaweka jiwe. Kwake kikombe kilipata kijiko kimoja kisichojaa. Kwa watu alikunywa chai ya vijiko vitatu, akikoroga taratibu ili mwenyeji apate nafasi ya kuzoea.

Pombe ya mnazi hakuionja, na kila Krismasi mchana alikwenda na mwavuli wake kwenye kilabu cha mnazi, akaketi katikati ya walevi na kuwauliza kwa nini makuhani walikatazwa divai waingiapo hemani, na huku divai hiyohiyo ikimiminwa madhabahuni. Walevi walimpenda sana. Mmoja wao alimjibu kwamba Mungu hakutaka makuhani wamwonjee. Mwalimu alilirudia jibu hilo kanisani, akamtaja mwenye kulitoa, na mtu yule akaja ibada Jumapili mbili mfululizo ili asikie kama atatajwa tena.

Alikuwa na maneno yake. Mwanafunzi akijibu upesi mno: "Umejibu kama mtu anayewahi chakula." Akijibu kwa kunukuu mhubiri mkubwa: "Huyo tumemsikia. Wewe umelala?" Na mtu akisema kwamba Biblia haina mgongano hata kidogo, alimtazama kwa huruma, akamuuliza, "Kwenu mko wangapi?" Maana aliamini kwamba nyumba isiyo na ugomvi haina watu.

Kisa cha punda nitakisema, kwa sababu ndicho kilichonifanya nimpende. Siku hiyo alifundisha sheria ya wazaliwa wa kwanza wa wanyama. Ng'ombe, kondoo na mbuzi, wa kwanza ni wa Mungu. Punda hafai madhabahuni, kwa hiyo hukombolewa kwa mwana-kondoo, na asipokombolewa huvunjwa shingo. Aliisoma kama ilivyo, akaendelea na mengine. Hakujua kwamba binti mmoja mle darasani, baba yake ni mchota maji mwenye punda, na punda yule alikuwa amezaa kwa mara ya kwanza wiki ileile.

Jumapili asubuhi binti alikuwa mlangoni kwa Mwalimu na kondoo mdogo kwenye kamba.

"Kondoo wa nani huyu?"

"Wa jirani."

"Jirani anajua?"

Binti akaanza kulia. Mwalimu hakumcheka. Alimwekea kondoo mkono kichwani, akaomba, akamwambia binti kwamba mwana wa punda amekombolewa na hakuna atakayemgusa shingo. Kisha akavaa viatu, akachukua mwavuli, akamrudisha kondoo kwa miguu yake. Mwenye kondoo alikuwa keshaanza kutaja polisi. Alipoelezwa alikuna ndevu, akasema kwamba kama ni hivyo basi na yeye ana hisa kwa yule punda. Miaka yote iliyofuata mchota maji alimletea maji bure.

Wapo waliomlaumu Mwalimu kwamba amemdanganya mtoto. Aliwajibu, "Yule amesoma akaamini. Nyinyi mmesoma mkasinzia."

Jozi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa na miguu mingi kuliko jozi. Aliiita swali la mwenye mali. Katika Kutoka, Mungu anasema kila mzaliwa wa kwanza ni wangu. Katika kitabu hichohicho, watu wakiwa chini ya mlima, anasema taifa zima litakuwa makuhani wangu. Ukifika Hesabu, anasema sasa nawatwaa Walawi mahali pa wazaliwa wa kwanza. Na huyo Lawi, baba yake alipokuwa anakufa alimwachia maneno ya laana. Tena ukitazama wale aliowapenda Mungu mwenyewe, ni wadogo wadogo: Yakobo mdogo, Daudi kitinda mimba aliyesahauliwa machungani.

"Sasa niambieni," alisema akitembea kati ya mabenchi, "aliyetengewa Mungu ni yupi? Wa kwanza, wa mwisho, Mlawi, au sote? Musiniambie wote ni sawa. Mwenye mali humjua ng'ombe wake."

Wenzangu walilifurahia swali lile. Mimi lilinikaa kooni. Nilipokuwa na uchungu wa mwanangu, siku mbili zilipita na mtoto hatoki. Mkunga wa hospitali alikuwa ameacha kunitazama usoni. Nikamwambia Mungu kwamba huyu akitoka akalia, ni wako, sitamdai. Akatoka amenyamaza, kisha akalia. Kwa hiyo mwanangu alikuwa wa Mungu kabla hajawa wangu, na nilimwambia hivyo tangu ananyonya.

Jina lake lilikuwa tayari likimngoja. Kwa Wagiriama, watu wa Charo, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na kila mke ana haki hiyo kwa mwanawe. Baba yake Charo aliitwa Karisa. Mke mwenzangu alikuwa tayari na Karisa wake, mkubwa kwa wangu kwa miaka mitatu, nami nikazaa Karisa wangu. Wote wawili ni Karisa Charo, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa jamaa zangu wa Kitui, waliouliza kama huku pwani majina yamekwisha. Sisi mama zao tuliitwa Mama Karisa Mkubwa na Mama Karisa Mdogo. Hatukupigana, hatukupendana. Tuligawana kisima na mume, na kisima ndicho kilichotutia maneno.

Basi akaja mchungaji mpya kutoka bara, kijana mwenye shati lililonyooka kuliko mashuka yangu. Kabla ya sikukuu ya mavuno alitangaza kwamba mwaka huu kila baba ataleta malimbuko ya shamba pamoja na mzaliwa wake wa kwanza wa kiume, awekwe wakfu mbele ya kanisa. Watu walipenda. Mimi nilipenda kuliko wote. Baada ya ibada nikamwendea kumwandikisha mwanangu.

Alinijibu kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma. Kila baba ana mzaliwa wa kwanza mmoja, alisema, na wa Charo ni yule mwingine. "Wako tutamwombea siku nyingine, mama."

Nilifika nyumbani nikamkuta Karisa wangu anafanya mazoezi ya kusimama wima. Alikuwa na miaka sita. Hakuna aliyemwambia asimame. Amesikia wazaliwa wa kwanza wanaitwa, akajijua. Nilimtazama mlangoni nikashindwa kuingia. Ningemwambia nini? Kwamba Mungu alimpokea siku ile hospitalini, sasa amepata mwingine aliyetangulia?

Nikaenda kwa Mwalimu. Alisikiliza mpaka mwisho, akatia jiwe juu ya sukari, akasema, "Twende."

Tuliketi barazani kwa mchungaji. Akatupa chai. Mwalimu alikoroga vijiko vyake vitatu, akaanza.

"Mchungaji, mimi sina elimu ya chuo, nina maswali tu. Kama unafuata Hesabu, Walawi wameshakaa mahali pa wazaliwa wa kwanza, basi usimwite mtoto yeyote. Tulete mahindi, tule, twende zetu. Kama unafuata Kutoka, wa kwanza ni yule aliyefungua tumbo. Na tumbo ni la mama. Kwa Charo matumbo ni mawili."

Mchungaji hakukasirika. Alifikiri, vidole vikicheza mezani.

"Mwalimu, na Kumbukumbu la Torati? Mtu mwenye wake wawili, mzaliwa wa kwanza ni mmoja, ndiye mwanzo wa nguvu za baba yake. Hata kama ampendaye ni mke wa pili, hawezi kumvusha mwanawe mbele."

Tabasamu likaanza pembeni mwa mdomo wa Mwalimu na kuenea taratibu mpaka macho yakapotea.

"Umenifunga," alisema. "Umenifunga kabisa. Hiyo niliisahau. Niongeze chai."

Nao wakaingia katika Kumbukumbu la Torati kama watoto waliofunguliwa geti la shule, yeye akiuliza, kijana akijibu, yeye akipinga, kijana akipekua. Mimi nilikaa pale na kikombe kilichopoa. Tulipotoka hasira ilinitangulia njiani.

"Mwalimu, wacheka?"

"Nacheka kwa kuwa kijana anasoma. Tangu nistaafu sijapata wa kunifunga."

"Na mwanangu?"

Alisimama. Akakita mwavuli mchangani. "Mwanao sijui, mwanangu. Hapo sijui. Nilidhani nina jibu, sikuwa nalo."

"Kwako wewe ni mchezo," nikamwambia. "Wewe huna mtoto wa kwenda kumwambia."

Hakuwa na mtoto, na hilo kila mtu Ganda alilijua. Tuliachana penye mikorosho ya Charo, kila mtu na njia yake. Radhi sikuomba, na yeye hakuidai. Jumamosi nilikwenda darasani kama kawaida, akanisahihisha Kiswahili kama kawaida.

Jumapili ya mavuno nilimvalisha Karisa wangu shati jeupe hata hivyo. Nilikuwa nimelipiga pasi kwa hasira, na nguo iliyopigwa pasi kwa hasira hunyooka sana. Nilimwambia tutakaa nyuma, yeye ataitwa siku nyingine.

"Siku gani?" akauliza. Nikamwambia anyamaze, ibada inaanza.

Mbele palijaa mihogo, mahindi, nazi, majogoo waliofungwa miguu. Mwalimu alikuwa na kazi ya kupanga watoto pembeni, akawapanga kwa urefu kama alivyozoea shuleni. Karisa mkubwa alikuwa katikati ya mstari. Mchungaji akawa anaita jina, mtoto anapiga hatua mbele, anapiga magoti, anawekewa mkono. Kijana alikuwa amejifunza majina yote kwa moyo, na alijivunia jambo hilo.

"Karisa Charo," akaita.

Sikupata hata kumshika shati. Mwanangu aliteleza chini ya benchi, akakimbia katikati ya kanisa, miguu mitupu ikilia sakafuni, akapiga magoti. Kaka yake alikuwa amekwisha kupiga magoti palepale. Wakatazamana. Kisha wakasogeana ili kila mmoja apate nafasi.

Kanisa likacheka, kicheko cha watu wanaojua jambo ambalo mgeni hajui. Mchungaji alikuwa ameinua mkono. Ukabaki juu.

"Nimemwita Karisa Charo," akasema.

"Ndimi," akasema mkubwa.

"Ndimi," akasema wangu.

Mchungaji akamgeukia Mwalimu. Kanisa zima likamgeukia Mwalimu. Tulingoja aya. Yeye alikuwa ametazama juu kwenye mabati, mikono nyuma, kama anayehesabu misumari. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ana nafasi ya kusema na hasemi.

Aliyesimama ni mke mwenzangu. Alisimama taratibu, akafunga leso yake vizuri kwanza, maana si mtu wa kusema mbele za watu.

"Mchungaji," alisema, "hao wote ni Karisa Charo. Jina ni la babu yao, na kila mmoja ni wa kwanza kwa mamake. Wewe umeita, wao wamekuja. Sasa utamrudisha yupi?"

Akakaa. Alikuwa na mwana mmoja pale mbele aliyekubaliwa na kila mtu, na kama angenyamaza asingepoteza kitu. Nilimtazama kisogo chake kutoka benchi la nyuma, nikalia waziwazi, na sikujali nani ananiona.

Mchungaji alishusha kitabu, akakiweka juu ya mahindi. Akaweka mkono wa kuume juu ya kichwa kimoja na wa kushoto juu ya kingine, akawaombea kwa maneno yaleyale aliyowaombea wengine, hakupunguza hata moja.

Sisi wake wenza hatukukumbatiana. Jioni ileile tulivutana maneno kisimani, kwa ajili ya ndoo. Lakini kuanzia siku ile alipokwenda mjini alinipitia kuniuliza kama nahitaji kitu, nami nikimpitia, na Charo akawa mtu wa kwanza kulalamika kwamba tumeanza kuelewana.

Mwalimu alimtania mchungaji kwa miezi. "Mbona hukupishanisha mikono, kama Yakobo alivyowafanyia wajukuu wake?" Kijana akajibu, "Nisingejua naanza na Karisa yupi." Akawa anakuja kwake kila Alhamisi kugombana. Yeye ndiye mtu pekee niliyemwona akipewa sukari bila jiwe. Kwangu Mwalimu alisema jambo moja tu kuhusu siku ile: kwamba aya zake zote hazikufua dafu mbele ya jina la mzee mmoja wa Ganda aliyekufa bila kubatizwa. Alilisema kwa furaha.

Miaka ile ya themanini ikielekea kwisha, miguu ya Mwalimu ilianza kuvimba. Binti wa ndugu yake, mfanyakazi wa hoteli moja ya Bofa, alimchukua akaishi naye Kilifi. Jumamosi moja nikapanda basi kwenda kumwona. Nilimkuta kwenye kiti cha kamba, amekonda uso, miguu juu ya kigoda, Biblia mapajani.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Sema kitu nisikie kama umeharibika."

Nikamwambia kilichonileta. Karisa wangu amekuwa kijana mwenye kimo, na hataki habari za uchungaji. Anataka ufundi wa magari. Anarudi nyumbani amejaa grisi mpaka masikioni. Nami nilimtoa kwa Mungu mara mbili, hospitalini na kanisani.

"Na Walawi walifanya kazi gani?" akauliza.

"Waliimba. Walitumika hekaluni."

"Hao ni wachache. Wana wa Merari walibeba nguzo, misumari ya hema na kamba. Walizaliwa, wakabeba misumari jangwani, wakafa. Mungu aliwaita wangu. Mwache na spana zake."

Nilipumua. Nilikuwa nimebeba jambo lile miezi mingi, naye aliliondoa kabla chai haijaletwa. Nikamwambia hivyo, na kwamba yeye amewatafutia watu wote mahali, hata punda. Nilidhani atanitania. Alitazama miguu yake.

"Mimi mama yangu alikuwa mke wa pili," akasema. "Hilo hukulijua. Nami ni wa kwanza wake, na ni mwanamke. Sheria inataka wa kiume. Nyumbani hawakunihesabu kwa baba wala kwa mama. Unafikiri niliingia kwenye ugomvi huu kwa kupenda mchezo? Nilikuwa natafuta nilipo mimi."

Maneno niliyomtupia penye mikorosho yalinirudia yote. Nikasema la kwanza lililokuja. "Lazima ipo aya, Mwalimu. Nitaitafuta nikuletee."

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Wewe? Haya, nenda kaitafute. Njoo nayo Jumamosi."

Niliitafuta wiki nzima. Niliisoma Biblia kwenye chumba cha pasi kati ya shuka na shuka, nikaunguza foronya. Niliomba msaada kwa mke mwenzangu, ambaye hajui kusoma, akaketi nami usiku akiniuliza, "Hiyo je?" kila nilipofungua ukurasa. Nikaipata katika waraka kwa Waebrania, karibu na mwisho. Mwandishi anawaambia watu wote, wake kwa waume, kwamba wamefika kwenye kanisa la wazaliwa wa kwanza walioandikwa mbinguni. Kanisa zima. Kila aliyemo ni wa kwanza. Niliruka kwenye kiti.

Jumamosi nikamfungulia, nikamsomea kwa majivuno. Alifumba macho. Midomo yake ilinitangulia neno kwa neno.

"Ulikuwa unaijua," nikasema.

"Naijua tangu nilipokuwa msichana, kabla sijafundisha hata siku moja."

Nikapandwa na hasira, ile yangu ya zamani. "Na siku ile kwa mchungaji ulikuwa nayo? Mbona hukuitoa?"

"Ningeitoa, kijana angesema basi, ikiwa wote ni wa kwanza, hapana haja ya kumwita mtoto yeyote. Nami nilitaka mwanao aitwe."

Yule binti wa ndugu yake alipita na nguo za kuanika, akatutazama, akaendelea na njia yake.

"Na hii wiki nzima?" nikasema. "Umeniacha nitafute kitu ambacho unacho."

"Nimeisoma mwenyewe miaka yote hiyo, mwanangu," alisema Mwalimu, macho bado yamefumbwa. "Hakuna aliyewahi kunisomea."

Akanyoosha mkono, akanisogezea Biblia. Nikaanza tena tangu mwanzo wa mstari, polepole, kwa Kiswahili alichonifundisha.